Luku imetoka elfu arobaini hadi karibu elfu tisini, nyumba ni ileile: umeme unaenda wapi?

MamaPacha
Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri, na kwa kweli sihitaji tena kukisia, maana hapa nyumbani tumeshakisia mpaka tumeanza kununiana.

Tuko Kinyerezi, Dar. Nyumba ya vyumba vitatu, tupo watu sita, na uani kuna wapangaji wawili wanaotumia mita yetu, kila mmoja anachangia elfu nane. Tuna friji moja, feni, tivii, pasi, mota ya kisima inayopandisha maji kwenye simtanki, na presha kuka ya umeme niliyoinunua miezi mitatu iliyopita. AC hatuna, hita ya kuogea hatuna. Miaka yote umeme wetu wa luku, yaani wa kulipia kabla, ulikuwa kama 40,000 kwa mwezi. Mwezi uliopita na huu umekaribia 90,000.

Mume wangu anasema ni presha kuka kwa kuwa ndicho kitu kipya. Anataka tuiuze turudi kwenye mkaa. Mimi naumia, kwa sababu tangu niinunue sikohoi tena jikoni, na maharage yanaiva huku nafua. Wapangaji nao kila mmoja anamshuku mwenzake kwamba amenunua jiko la koili kwa siri. Sitaki nyumba ifike huko.

Jambo jingine: nikinunua ya 10,000 mara ya kwanza ya mwezi napata uniti 23 na ushei, lakini nikinunua tena mwezi huohuo napata 28. Kwa nini?

Karani_Segerea
Dada pole. Nianze na hilo la mwisho kwa kuwa ni hesabu tu. Manunuzi ya kwanza ya mwezi yanakatwa kodi ya jengo. Ilianza kukatwa kwenye luku mwaka 2021 kwa shilingi 1,000, na 2023 ikawa 1,500 kwa nyumba ya kawaida. Kwa hiyo ile elfu kumi yako imebaki 8,500 kabla hujapewa hata uniti moja.

Kwa uniti 28 unazopata, upo kwenye kundi la T1, la matumizi ya kawaida, ambako uniti ni shilingi 292. Juu yake kuna VAT asilimia 18, REA (umeme vijijini) asilimia 3 na EWURA (mdhibiti wa nishati na maji) asilimia 1, inafika kama shilingi 356. Walio kundi la D1, la matumizi madogo, wanapata uniti 75 za mwanzo kwa shilingi 100, yaani 9,150 pamoja na makato yote, na wakizidi hapo uniti inakuwa 350 kabla ya makato. Lakini D1 ni ya nyumba ambayo wastani wake hauzidi uniti 75 kwa mwezi. Nyumba moja na wapangaji wawili kwenye mita moja haiwezi kukaa humo, usijisumbue kuomba.

Elfu arobaini yako ya zamani ilikuwa kama uniti 110. Sasa hivi mnakula kama 250. Bei ya uniti haijabadilika, kwa hiyo kuna uniti 140 zinazokwenda mahali. Hizo ndizo za kutafuta.

Mzalendo_77
Mimi nina fundi anaweza kuilegeza mita isome taratibu. Nifuate inbox.

FundiWaya
Mama, usimfuate huyo. Kuchezea mita ni kosa la jinai, na mbaya zaidi, hao wanaounga waya pembeni ya mita wanaacha viungio vilegevu vinavyopata moto. Nimeingia kwenye nyumba iliyoungua sebule kwa kiungio cha namna hiyo. Una watoto humo ndani.

Tufanye kazi ya kweli. Usiku wa leo saa nne, watu wakishalala, andika uniti zilizobaki kwenye mita. Saa kumi na mbili asubuhi, kabla mtu hajawasha chochote, andika tena. Wakati wa kulala hakuna anayepika wala kupiga pasi, kwa hiyo kinachokula umeme saa hizo hakina pa kujificha. Niambie pia usiku vinabaki vimewashwa vitu gani.

Na kuhusu presha kuka: zima kila kitu, soma mita, pika maharage, soma tena. Dakika arobaini tu utamaliza ubishi na shemeji yetu bila maneno mengi.

BintiTanga
Angalia na friji pia. Weka karatasi mlangoni, funga, halafu ivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira umechoka na baridi inatoka usiku kucha. Yangu ilikuwa imebanwa ukutani, nyuma inaunguza mkono. Niliisogeza kama kiganja kimoja, ikaanza kupumzika. Wengine watakwambia uizime usiku. Mimi nilijaribu, asubuhi ikawa inanguruma mfululizo kurudisha ubaridi, na samaki wakaanza kulegea. Sikuona faida ya kueleweka.

MamaPacha
Ahsanteni sana. Nimefanya yote mawili.

Maharage nusu kilo: uniti 0.4. Nimerudia mara mbili, ya pili mume wangu mwenyewe ndiye aliyesoma mita. Ni kama shilingi 140. Mkaa wa kuivisha maharage hayo haupatikani kwa pesa hiyo, na amekubali.

Sasa usiku. Saa nne mita ilisoma 41.6, saa kumi na mbili asubuhi 35.2. Zimekwenda uniti 6.4 tukiwa tumelala! Vilivyokuwa vinafanya kazi ni friji, feni mbili na taa mbili za nje. Wapangaji nimewaomba kwa heshima nao wakazima vyao, mmoja alinifungulia mlango nione kwamba hana jiko la umeme. Niliona aibu kidogo, lakini imesaidia, tumeongea.

FundiWaya
Umefanya vizuri mno. Sasa tuhesabu. Feni ya kawaida ni kama wati 60, mbili kwa saa nane ni karibu uniti moja. Friji iliyo nzima, tuseme nusu uniti au zaidi kidogo. Taa za LED ni kidogo sana. Jumla haifiki uniti mbili. Wewe umepoteza zaidi ya sita. Zaidi ya uniti nne zinaliwa na kitu kisichoonekana, kila usiku.

Sasa nenda kwenye mita yenyewe. Ina taa ndogo nyekundu inayopepesa. Pembeni yake kumeandikwa idadi ya mipepeso kwa uniti: nyingine 1000, nyingine 1600, nyingine 3200. Kwanza shusha meni swichi. Taa ikiendelea kupepesa wakati meni imeshuka, kuna waya kati ya mita na meni unaopeleka umeme pengine, na hapo usiguse, ita shirika la umeme. Ikitulia, shusha breka zote, pandisha meni, kisha pandisha breka moja moja, ukisubiri dakika chache kwenye kila moja. Kama yako ni ya 1000, hesabu sekunde kati ya mpepeso na mpepeso, kisha chukua 3,600 ugawe kwa sekunde hizo. Jibu ni wati zinazotumika dakika hiyo. Taa ikipepesa kila baada ya sekunde nne, una wati 900 zinakwenda.

Mimi moyo wangu uko kwenye mota. Mota ya kisima ya nguvu farasi moja inachukua karibu wati 1000 ikiwa kazini. Na iko chini kabisa kwenye shimo, hata ikizunguka usiku kucha hakuna atakayeisikia. Nani anaiwasha na nani anaizima?

MamaPacha
Ina floti kwenye simtanki. Maji yakishuka inajiwasha, yakijaa inajizima. Breka yake haiguswi.

Mzee wa Kisima
Binti yangu, hapo ndipo ilipo shida, na ilinipata mimi pia. Mtu wa maji ya bomba la mtaa likivuja chini ya ardhi, bili ya maji inampigia kelele mwisho wa mwezi. Sisi wa visima hatuna bili ya maji. Maji yakivuja, bili inakuja kwenye luku, na kila mtu anakagua waya wakati tatizo ni bomba.

Leo usiku shusha breka ya mota tu, vingine viache kama jana, usome mita. Halafu weka alama ya chaki kwenye simtanki pale maji yalipofika, kama ni tanki linaloonyesha. Kama halionyeshi, pandeni mpime kwa mti mrefu. Asubuhi mpime tena. Kama hakuna aliyechota na maji yameshuka, utajua.

Angalia na vyoo vya kuflashi. Tanki lake likiwa linatiririsha kwenye bakuli taratibu, husikii, lakini usiku mzima ni ndoo nyingi. Tia rangi ya chakula au chai ya rangi ndani ya tanki la choo, usiflashi. Rangi ikitokea kwenye bakuli, mpira wa chini umekwisha.

FundiWaya
Shikamoo mzee. Nakubaliana na yote, naongeza moja la hatari. Mota iliyozama ikichubuka waya wake, umeme unavuja kwenye maji na ardhi, na mita inaweza kuuhesabu. Mama, kama mtu yeyote amewahi kuhisi shoti akigusa koki au bomba la chuma, shusha breka ya mota leo hii na usiipandishe mpaka fundi apime. Hilo ni la uhai, siyo la hela.

MamaPacha
Mzee shikamoo, na Mungu akuweke.

Shoti hakuna aliyewahi kuhisi. Usiku wa kwanza bila mota: uniti 1.9 tu. Nilisoma mita mara tatu nikidhani nimekosea. Na maji kwenye simtanki yameshuka zaidi ya nusu, hakuna aliyechota.

Chai ya rangi haikutokea chooni. Tukafuata bomba linalotoka kwenye tanki kwenda uani. Nyuma ya jiko la wapangaji kuna matembele yamestawi ajabu, mwezi mzima tumekuwa tukiyachuma tukishukuru, wakati mvua hakuna. Mume wangu akachoma ardhi kwa jembe, ikawa tope. Bomba limeachia kwenye kona, lilikuwa limeungwa kwa gundi, na juu yake ndipo gari la mchanga lilipopita tulipokuwa tunajenga karo la maji machafu. Miezi miwili iliyopita! Hatukuwahi kuviunganisha vitu hivi viwili.

Karani_Segerea
Uniti nne na nusu kwa usiku mmoja ni kama 135 kwa mwezi, zaidi ya 48,000. Hiyo ya usiku peke yake inakaribia ile tofauti yako yote.

BintiTanga
Nimefurahi kwa ajili ya wapangaji wako dada. Ungewafukuza bure. Fikiria kuwawekea submita (mita ndogo ya pembeni) kila mmoja. Si kwa kuwashuku, ila kila mtu aone chake mwenyewe na mchango uwe wa haki. Huenda hata wao wamekuwa wakilipa zaidi ya wanachotumia.

MamaPacha
Nimewaambia hivyohivyo leo jioni, nikawaomba radhi pia. Mmoja amekubali submita mara moja, mwingine anafikiria. Pasi nayo tumekubaliana nguo za shule zipigwe zote Jumapili, badala ya kuiwasha kila alfajiri. Fundi bomba amebadilisha ile kona.

FundiWaya
Usifukie leo. Iache wazi siku mbili, mota iwe imewashwa, na kila asubuhi uipapase kwa mkono mkavu. Gundi inaweza kudanganya siku ya kwanza. Na usome mita usiku huu tena.

MamaPacha
Nimeiacha wazi, nimezungushia matofali watoto wasitumbukie. Asubuhi hii mita imekula 2.1 na mota ikiwa imewashwa. Mkono umetoka mkavu.