Jokofu la gesi kwenye gari la safari: kwa umeme linapoa, kwa gesi halipoi

Mamake Zuhura

Habari zenu ndugu. Naomba msaada wa mwenye ujuzi wa majokofu ya gesi yasiyo na kompresa. Tunaishi Texas, na mwezi huu tumesafiri hadi Arizona, tukiwa na mama mkwe wangu, kwa gari lenye nyumba ndani yake, lile ambalo huku Marekani huitwa RV. Jokofu lake hutumia umeme wa volti 120 tukiwa kambini, na gesi ya mtungi tukiwa mbali na umeme. Karibu na Phoenix, tukiwa kwenye umeme, kipimajoto nilichokitumbukiza ndani ya glasi ya maji kilisoma nyuzi 4. Tulipofika Flagstaff na kuwasha gesi, kilipanda hadi nyuzi 13 na hakikushuka tena, ijapokuwa moto unawaka na taa ya hitilafu haijawaka.

Fundi tuliyemwita alilitazama kwa dakika chache, akasema mfumo wote wa kupoozea umekufa na ni lazima ubadilishwe, kwa gharama inayozidi bajeti ya safari nzima. Kinachoninyima usingizi ni insulini ya mama, kwani chupa ambazo hazijafunguliwa zinatakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Kwa sasa zimo kwenye sanduku la barafu, nimezizungushia taulo ili zisigande, na ninazikagua kila saa.

Fundi Majokofu, Arusha

Pole sana dada, na pole kwa mama. Nakusihi usilipie mfumo mpya, kwa sababu maelezo yako mwenyewe yanaonyesha kwamba mfumo huo ni mzima. Ndani ya mabomba yale mna amonia, maji na haidrojeni, na kinachoviendesha ni joto linalowekwa chini ya mfumo: joto huitoa amonia kwenye maji, amonia hupanda, hupoa nyuma ya jokofu na kuwa kimiminika, kisha huvukiza tena ndani na kuondoka na joto la vyakula. Mabomba hayatofautishi joto la hita na joto la moto wa gesi. Kama yaliweza kufikisha nyuzi 4 kwa umeme, basi hitilafu iko upande wa gesi. Mfumo uliokufa ungeshindwa kwa vyote viwili, na kama ungekuwa umevuja, ungesikia harufu kali ya amonia au ungeona unga wa manjano kwenye mabomba; ukiviona hivyo siku yoyote, zima jokofu na fungua milango.

Kwa miaka mingi nimehudumia majokofu ya mafuta ya taa yaliyotunza chanjo kwenye zahanati za vijijini, ambayo kanuni yake ni hiyohiyo, na mara nyingi nilichokikuta ni masizi tu kwenye dohani. Kwa hiyo funga gesi kwenye mtungi, subiri kichomeo kipoe, kisha fungua mlango mdogo ulioko nje ya gari, nyuma ya jokofu. Piga mswaki kichomeo, na toa kile kipande cha bati kilichosokotwa kinachoning'inia ndani ya dohani ili uisafishe yote. Nozeli, yaani kile kipande chenye tundu dogo linalotolea gesi, iloweke kwenye spiriti na uiache ikauke yenyewe. Usiichokoe kwa sindano, kwa maana tundu lake likipanuka hata kidogo, moto hautakaa sawa tena. Ukimaliza kufunga, pima viungo vyote kwa povu la sabuni kabla ya kuwasha. Moto unapaswa kuwa wa buluu na uliotulia.

Msafiri wa Colorado

Nakubaliana na fundi, ila naongeza jambo la mahali mlipo. Flagstaff iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na watengenezaji huonya kwamba kuanzia futi 5,500 hivi, yaani karibu mita 1,700, moto wa gesi hupungua nguvu kwa sababu hewa ni nyepesi. Nozeli yenye uchafu kidogo, ambayo Phoenix isingeonekana kuwa na tatizo, huku juu inatosha kuliangusha jokofu. Hakikisheni pia kwa pima maji kwamba gari limesimama sawasawa, kwa kuwa likiinama, kimiminika hukwama mahali pa joto na mabomba huharibika kabisa. Mkishasafisha, mwambieni fundi mwingine apime mgandamizo wa gesi, ambao unatakiwa kuwa inchi 11 za maji (ndicho kipimo mafundi wanachotumia kwa mgandamizo mdogo wa gesi).

Mamake Zuhura

Nawashukuru kwa moyo wote. Mume wangu alifungua jana mchana, akakuta utando wa buibui ndani ya mrija wa kichomeo na masizi mengi juu yake, na moto ambao awali ulikuwa na ncha za manjano sasa ni wa buluu. Gurudumu moja la nyuma lilikuwa limezama kwenye mchanga, tukaliinua kwa mbao. Baada ya saa 18 kipimajoto kinasoma nyuzi 6, nasi bado tuko Flagstaff kwa gesi peke yake. Insulini nimeiacha kwanza kwenye sanduku la barafu; nitairudisha jokofuni iwapo kipimo hakitapanda kwa siku mbili mfululizo, hasa saa za alasiri jua linapopiga upande wa jokofu.