Naomba ushauri: kuunganisha mikanda ya shali ya kroshia ya fremu bila kuifanya nzito

Habari zenu mafundi, naomba msaada kwa wanaojua kroshia ya ile fremu ya fito mbili, unazungusha uzi kulia na kushoto halafu unaufunga katikati kwa sindano ya kroshia. Natengeneza shali nyepesi, uzi ni moheya (manyoya ya mbuzi wa Angora) mwembamba sana, fremu nimeweka upana wa sm 8, na kila mkanda una vitanzi 240 kila upande. Mikanda yenyewe inatoka mizuri jamani, inapitisha mwanga kabisa, na pembeni nimepitisha uzi wa pamba kwenye vitanzi ili visijisokote nikishavitoa kwenye fremu.

Sasa shida ni kuunganisha. Nikivuta vitanzi vitatu vya huku ndani ya vitatu vya kule inakuwa kama msuko wa nywele, inapendeza ila inajikusanya na shali inakuwa nzito pale kwenye maungio. Nafikiria kutumia cheni (vile vishono vya kroshia vinavyofuatana kama mnyororo), yaani nashona vitanzi viwili pamoja, cheni tatu, nahamia mkanda wa pili, narudi hivyo hivyo, inabaki na nafasi. Je itavutika vizuri nikishailowesha na kuibana kwa pini ikauke, au itaning'inia hovyo? Na ukingo wa nje mnamaliziaje usikaze kuliko katikati? Hii ni zawadi ya mama, nataka akijifunika asihisi uzito wowote. Aliyewahi kufanya na moheya anisaidie tafadhali, kwa sababu ukishaunganisha huo uzi kuufumua ni kazi kwelikweli, manyoya yanashikana.