Mifereji ya nanometa kwenye silikoni: sindano ya hadubini, kipima ugumu au almasi ya kuranda?

Mdau_Changanyikeni (mwanzisha mada)
Habari wakuu. Nina vipande vya fuwele ya silikoni yenye uso wa (100) (namba ya mwelekeo wa fuwele), sentimeta 1 kwa 1, vimeng'arishwa kiwandani. Nataka mifereji sambamba yenye kina cha nm 40, upana usizidi nm 250, na nafasi ya mikrometa 5 kati ya mfereji na mfereji. Naanza na eneo la mikrometa 50 kwa 50, baadaye kipande kizima ikiwezekana. Leza na miale ya ioni siitaki. Ncha iguse fuwele. Naona njia tatu: ncha ya almasi kwenye hadubini ya nguvu ya atomi (hupapasa uso kwa sindano iliyo mwishoni mwa mkono mwembamba), mashine ya kupima ugumu kwa nano, au mashine ya almasi ya kukereza. Ipi inafaa?

ncha_butu
Mkuu, mashine ije baadaye. Anza na kina cha kila mpito, yaani kila mara ncha inapopita. Silikoni ikikatwa kwa kina kidogo inanyumbulika, ukizidisha inapasuka. Watafiti Bifano, Dow na Scattergood walitoa kanuni mwaka 1991: kina cha mwisho kabla ya ufa = 0.15 × (E/H) × (K/H)². Weka ukakamavu E gigapaskali 160, ugumu H 10, na ukinzani wa ufa K 0.9 (megapaskali mara kipeuo cha pili cha meta): unapata karibu nm 20. Kwa hiyo nm 40 usizitafute kwa mpito mmoja. Panga mitatu au minne ya nm 10 hadi 15.

Kigamboni_Optiki
Nakubali mipito mingi, ila kanuni hiyo ilitungwa kwa kusaga kwa jiwe, siyo kwa ncha moja. Ncha moja yenye uso ulioinama kinyume, digrii -25 hadi -45, inabana silikoni kutoka juu na kuchelewesha ufa, hivyo inavuka nm 20 bila shida. Chini ya ncha, shinikizo likifika gigapaskali 11 hadi 12, silikoni hugeuka kuwa aina ya kimetali iliyo laini zaidi. Hiyo ndiyo inayokatika vizuri. Ncha ikipita, haigeuki tena kuwa fuwele ileile: mzigo ukiondoka haraka unabaki na tabaka lisilo na mpangilio wa fuwele. Kama mifereji yako itapitisha umeme au mwanga, tabaka hilo lihesabu.

fundi_sindano
Kwa mikrometa 50 kwa 50, chukua hadubini ya nguvu ya atomi, sioni ubishi. Mkono wenye ukakamavu wa newtoni 40 kwa meta, ncha ya almasi yenye nusukipenyo cha nm 50. Kufika nm 20 kunahitaji takriban mikronewtoni 25 hadi 30, yaani mkono upinde kama mikrometa 0.75. Kuna sehemu ya kina itakayorudi juu ncha ikishapita, na kila mpito unaongeza kidogo kuliko uliotangulia, kwa hiyo pima baada ya kila mmoja.

Mifereji 11, mwendo wa mikrometa 10 kwa sekunde, mipito 10: kama dakika 9. Yanayoharibu kazi ni haya.

Mwelekeo wa ncha. Ncha ya piramidi ikitangulia kwa ukingo haifanyi kazi sawa na ikitangulia kwa uso. Kuna upande unaokata na kutoa chenga na upande unaosukuma matuta pembeni, jaribu kwanza. Pia usikwaruze kwa kufuata urefu wa mkono: ukivuta na ukisukuma mzigo haulingani. Nenda kwa kukingama.

Hewa. Unyevu wa Dar unaweka maji kati ya ncha na uso, mvutano unaongezeka na mzigo halisi si ule unaouona kwenye skrini. Funika mashine, weka silika jeli ndani. Kiyoyozi kinachojiwasha na kujizima nacho kinasogeza kipande. Kiache kikimbie saa moja kabla ya kuanza, usikiguse tena. Na chumba kinachotazama Barabara ya Mandela kwenye malori ya bandarini, ghorofa ya tatu, ni bora usihangaike nacho. Shuka chini.

Kupiga picha. Usitumie ncha ileile ya almasi. Ni nene, haifiki chini, itakudanganya kuwa mfereji una kina kidogo. Badilisha, tumia ncha nyembamba ya silikoni inayogonga uso polepole, tena baada ya kusafisha chenga kwa asetoni na isopropanoli.

ncha_butu
Na kipima ugumu je? Mzigo wake unadhibitiwa vizuri zaidi.

fundi_sindano
Mzigo ndiyo, umbo hapana. Ncha ya Berkovich (piramidi pana ya pande tatu) alama yake ina upana wa kama mara 7.5 ya kina: kwa nm 40 ni nm 300, mdau kashavuka kipimo chake. Ncha yenye umbo la kona ya mchemraba ni mara 2.45 hivi, yaani nm 98 kabla ya kuhesabu ubutu wa ncha, ila ni kali na huleta ufa kwa mzigo mdogo sana. Ningeitumia kwa majaribio tu: chora nyota ya mikwaruzo kwa digrii 0, 15, 30 na 45 kutoka ukingo bapa wa kisahani, yaani bamba zima la silikoni kabla ya kukatwa vipande (ukingo huo unafuata mwelekeo wa fuwele <110>), uone upande upi unapasuka kwanza. Kwenye uso wa (111) jaribu kwenda na kurudi pia, maana pande hizo mbili hazilingani.

Mdau_Changanyikeni
Sawa, na kipande kizima?

Kigamboni_Optiki
Piga hesabu. Mifereji 2,000 ya milimita 10 ni meta 20. Kwa mikrometa 10 kwa sekunde ni sekunde milioni 2, zaidi ya siku 23 kwa mpito mmoja, na kwa kawaida hadubini haifiki hata mikrometa 150 bila kuhamishwa.

Hapo ni almasi kwenye mashine kubwa, ila si kukereza. Kukereza kunakupa mistari ya duara, iliyonyooka inarandwa. Mpigo mmoja sekunde 1 kwenda na 2 kurudi, mipito minne: karibu saa 6 na dakika 40. Kazi ngumu ni usawa. Kipande kikiinama mikrometa 1 tu kutoka pembe hadi pembe, kina cha nm 10 hakipo: upande mmoja ncha inapita hewani, mwingine inavunja. Ama uranda uso mzima kwanza bila kukibandua kipande, ama ncha ikae kwenye chemchemi ya mzigo usiobadilika ifuate uso. Mimi ningechagua chemchemi. Nta ya kubandikia iwe nyembamba, ikipoa bila usawa inapindisha silikoni. Na almasi inalika haraka kwenye silikoni. Ingekuwa germaniamu ningekuwa na amani zaidi.

Mbezi_Vito
Naingilia: naweza kufanya hivi juu ya tanzanaiti itoe rangi za upinde wa mvua?

Kigamboni_Optiki
Kwa nafasi ya mikrometa 5 rangi ya kijani inatoka kwa digrii 6 tu, hutaiona vizuri. Shusha hadi 1.5 upate kama 21. Lakini tanzanaiti inapasuka kirahisi kwenye bapa lake moja na haipendi joto la ghafla. Anza na kwatzi ya bei ndogo.

Mdau_Changanyikeni
Nikikwaruza kidogo kisha nichovye kwenye haidroksidi ya potasiamu kuongeza kina?

fundi_sindano
Utapata kinyume. Palipokwaruzwa kwa mzigo mdogo huliwa polepole kuliko pembeni, kwa hiyo zinabaki kuta, si mifereji. Kama kuta zinakufaa, ni njia ya haraka kuliko zote hapa.