Tupeane uzoefu: unasafiri Desemba, nyumba unamwachia nani?

Mume wa Fundi Cherehani, Buhongwa
Wakuu, habari za jioni. Jumamosi ijayo tunapanda basi Nyegezi, hapa Mwanza, kwenda Karagwe, siku 16. Nataka tuongee kabla watu hawajafunga mabegi, maana mwaka juzi yalitukuta.

Nilikuwa naiamini nyumba yangu. Madirisha yote yana nondo, geti la chuma, mlango wa mbele una kitasa na makufuli mawili. Tuliporudi Januari tulikuta geti limerudishiwa vizuri kabisa. Ndani televisheni hakuna, mtungi wa gesi hakuna, cherehani ya mke wangu hakuna. Iliondoka pamoja na mfuko wa sare za shule za wateja, nguo 11 zilizokwisha kukatwa, na shule zinafunguliwa wiki inayofuata. Kwenye zulia pale dirishani zilibaki alama 4 za miguu ya meza ya cherehani. Mke wangu alikaa karibu na zile alama akaanza kuwapigia wazazi mmoja mmoja.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba jirani wa ng'ambo ya barabara aliwaona. Saa nane mchana, kigari cha mizigo, kirikuu, kimerudi kinyumenyume mpaka getini, vijana watatu wanapakia bila haraka. Akadhani tunahama. Sikuwa nimemwambia tunasafiri, kwa sababu niliona siri ndiyo ulinzi.

Wenzangu mnafanyaje? Hata yaliyowashinda yaleteni.

Mama Mkolani
Pole sana baba, na mpe pole mama. Mali ya mteja inauma kuliko yako.

Mimi nina mwembe mbele ya nyumba. Mwaka mmoja tulikwenda msibani Ukerewe, siku 9. Kurudi nakuta kitasa cha mlango wa jikoni kimechokonolewa, ila hawakufanikiwa kuingia. Kuna mama anayepita kwetu asubuhi na beseni la dagaa, akaniambia, "Dada, mimi siku ya tatu tu nilijua hampo. Uwanja haukuwa na mistari ya fagio." Nikasimama nikautazama. Majani ya mwembe yamelala juu ya majani, nyayo za kuku peke yake, hakuna alama hata moja ya ndala. Mtaani kwetu kila uwanja unafagiliwa alfajiri, kwa hiyo usiofagiliwa unaonekana toka mbali.

Tangu hapo nikisafiri binti wa jirani anafagia kila siku. Nusu ya hela nampa naondoka, nusu nikirudi. Namwachia kanga mbili na suruali ya kazi ya mume wangu: leo anaanika hiki, kesho kile, jioni anaanua. Taa ya nje anaiwasha giza likiingia, anaizima kukipambazuka. Taa inayowaka saa sita mchana siku tatu mfululizo ni tangazo.

Na makufuli ya nje nimeacha kuyatumia. Kufuli likining'inia mlango wa mbele, kila mpita njia anajua ndani hakuna mtu. Nimeweka kitasa kizuri kinachofunga kwa ndani.

Mkazi wa Bugarika
Sisi wa milimani tuna mawe. Nyuma ya nyumba yangu kuna jiwe kubwa, ukisimama juu yake hatua moja tu uko kwenye bati. Na Desemba ni mvua. Mvua ikipiga bati, hata jirani aliyeko kitandani hasikii nyundo. Waling'oa bati mbili, wakatoboa dari ya jipsamu, wakashukia sebuleni. Nondo za madirisha hazikuguswa kabisa. Fundi alinishauri niweke wavu wa nondo juu ya dari na nizungushe seng'enge upande wa jiwe, nikafanya vyote viwili. Kabla ya kusafiri panda juu ukague paa lako, usiishie kwenye milango.

Abiria wa Bukoba
Letu halikuwa wizi, lakini lilikaribia. Tulipanda meli ya usiku, nyuma tumeacha friji limejaa sato na sangara wa sikukuu. Siku ya sita yuniti za LUKU, umeme wa kulipia kabla, zikakaribia kwisha, mita ikaanza kulia pii, pii, usiku na mchana. Nyumba zetu zimebanana, mtaa mzima ukajua humo ndani hakuna wa kuinyamazisha. Umeme nilinunua kwa simu nikiwa Bukoba, ila zile tarakimu 20 lazima mtu azibonyeze kwa mkono, na cha kubonyezea kiko ndani. Tulipofungua mlango, harufu ilitutoa nje.

Sasa samaki tunawamaliza au tunawagawa, friji tunalichomoa na mlango wake tunauacha wazi, koki ya maji tunaifunga. Yuniti za taa ya nje tunaweka za kutosha mpaka siku ya kurudi.

Wa Ilemela
Mimi nilimwachia mtoto wa ndugu yangu. Ni damu yangu, sitasema mengi. Aliita marafiki, na ufunguo ukachongeshwa bila yeye kujua. Tuliibiwa Machi, wakati tumesharudi na tunalala humo humo, tena hakuna mlango uliovunjwa. Ukishaacha funguo kwa mtu mwezi mzima, ukirudi badilisha kitasa. Si kumshuku. Hujui tu umepita mikono mingapi.

Mtoto wa Kirumba, sasa Winnipeg
Nawasoma nikiwa Kanada. Mama Mkolani, majani yako ya mwembe huku ni theluji. Msimu huu wengi wanakimbilia nchi za joto wiki mbili. Theluji ikianguka usiku, asubuhi nyumba yenye watu ina njia iliyochotwa kwa koleo na nyayo mpaka mlangoni. Isiyo na watu ni nyeupe tupu kuanzia barabarani. Kwa hiyo tunamwomba jirani apitishe koleo, aokote barua, hata aegeshe gari lake kwetu.

Tena huku kuna adui mwingine, baridi yenyewe. Nyuzi 20 chini ya sifuri ni kawaida. Ukizima hita, maji yanaganda kwenye bomba, yanapanuka, bomba linapasuka. Barafu ikiyeyuka unarudi unakuta sakafu inaogelea. Tunafunga koki kuu, hita tunaipunguza bila kuizima. Na kampuni nyingi za bima zinataka mtu aingie kuikagua nyumba kila baada ya siku chache, la sivyo wanaweza kukataa kulipa.

Mjumbe wa Igoma
Sungusungu, ulinzi wa wananchi wenyewe, ilianzia huku kwetu Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980. Nguvu yake ilikuwa watu kujuana: nani wa hapa, nani mgeni. Siku hizi Desemba napigiwa simu, "Mjumbe, nimeibiwa, nipo safarini tangu juma lililopita." Sikuwa najua kama umeondoka! Njoo kabla. Niambie unarudi lini, nani ana ufunguo, gari gani linaruhusiwa kuingia. Ile kirikuu ya Buhongwa ingepata mtu wa kuiuliza.

Pili, andika namba za mashine za vitu vyako na uvipige picha. Ukienda polisi kuchukua RB, namba ya taarifa yako, unaulizwa, na wengi mnajibu "ilikuwa nyeusi, inchi 43".

Tatu, WhatsApp. Mnavuka daraja la Kigongo–Busisi, kilomita 3 juu ya maji, mnapiga picha familia nzima na kuirusha kabla hamjafika Sengerema. Furaha yenu naielewa, wengi tumesota kwenye foleni ya kivuko pale. Lakini picha zikae kwenye simu mpaka mrudi.

Mume wa Fundi Cherehani, Buhongwa
Mjumbe, sasa mpaka wa kusema na kunyamaza uko wapi? Tukimwambia huyu na yule si tunajitangaza?

Mjumbe wa Igoma
Watatu. Mimi au mwenzangu wa mtaani kwako, jirani anayeliona geti lako akiwa amekaa kwake, na mwenye ufunguo. Basi.

Mume wa Fundi Cherehani, Buhongwa
Nimeelewa. Leo jioni nimevuka barabara. Yule jirani tangu siku ile hakuwa na raha na mimi, alikuwa akiniona anainamisha kichwa. Nimempa tarehe, nimempa namba ya mjumbe, na binti yake ndiye atafagia. Sare za wateja mke wangu anazimaliza Alhamisi na kuzigawa zote. Cherehani mpya tumeshaibeba, italala kwa jirani mpaka turudi.