Daraja la Pangani likikamilika wageni watapita tu. Mji ujipange vipi?

MkaziWaBweni

Wadau, habari za humu.

Barabara ya Tanga–Pangani–Saadani–Bagamoyo inawekwa lami, na daraja la mita 525 juu ya Mto Pangani litachukua kazi ya kivuko. Ni jambo jema, mgonjwa hatasubiri tena kivuko usiku. Lakini leo kila gari linalovuka lazima lisimame, na foleni hiyo ndiyo soko letu: madafu, samaki wa kukaanga, vitumbua, korosho. Daraja likifunguliwa, anayetoka Tanga kwenda Saadani hana sababu ya kukanyaga breki.

Tupo kikundi cha watu 14: mama lishe, wavuvi, na vijana waliosomea utalii. Mtaji ni mdogo. Mezani kuna mawazo manne: kukarabati nyumba moja ya zamani Mtaa wa India iwe mgahawa na mahali pa kupumzikia, matembezi ya mji kwa miguu, boti za kwenda fungu la Maziwe kwenye hifadhi ya bahari na za mtoni, na lango kubwa la kupigia picha pale mtu anapoingia mjini. Wakubwa wanalipenda hilo la mwisho.

Tuanze na lipi, na wapi huwa panaharibika? Naomba mchanganuo, si "utalii ni fursa".

---

Saa_za_Maji

Lango liacheni kwanza. Mtu hupiga picha dakika tano, hanunui hata dafu, anaondoka. Tena likisimama kando ya barabara kuu linaingia kwenye hifadhi ya barabara, ambayo kwa kawaida ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Bila kibali cha TANROADS, wakala wa barabara, litapigwa X nyekundu ya kubomolewa.

Lengo liwe moja: mgeni alale usiku mmoja. Akipita anawaachia pesa ya soda. Akilala, anakula mara tatu, anapanda boti, anamlipa mwongozaji, anamlipa na dereva wa bodaboda. Na kinachomlaza mtu Pangani ni saa za maji.

Maziwe ni fungu la mchanga, miti yake ilishaondoka na mmomonyoko zamani, na maji yakijaa sana linafunikwa. Siku za bamvu, yaani mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, pwani yetu maji hutoka kabisa karibu saa 4 asubuhi na kujaa karibu saa 10 jioni. Kila siku inayofuata muda husogea mbele kama dakika 50. Kwa hiyo safari nzuri ya Maziwe siku za bamvu ni ya kuondoka mapema asubuhi. Mgeni anayetoka Tanga asubuhi hiyohiyo anachelewa, labda awe amelala Pangani. Bidhaa yenu ni hiyo, wala hamhitaji kujenga chochote.

Chapisheni kalenda ya mwezi mzima: tarehe, saa ya kuondoka, saa ya kurudi. Ibandikeni kwenye nyumba za wageni, ipelekeni Tanga mjini kwenye hoteli, iwekeni WhatsApp. Siku ambazo hazifai andikeni wazi "hakuna safari". Msipeleke mtu kwenye fungu lililozama kwa sababu tu amelipa.

Panapoharibika ni mlangoni mwa mto. Pale kuna kina kifupi. Maji yakitoka huku upepo wa kusi unapuliza kutoka baharini, mkondo wa mto unakutana na mawimbi na yanasimama wima. Boti iliyojaa inagusa chini, mawimbi yanaipiga ubavuni. Siku za bamvu tokeni mtoni saa 12 na nusu au saa 1 asubuhi, maji yakiwa bado nusu, na rudini yakiwa yameanza kujaa, saa 7 hivi, kabla upepo wa alasiri haujakaza. Kundi likichelewa, lipelekeni kwa gari hadi Ushongo, lipandie boti ufukweni, mtakwepa mlango wa mto kabisa. Aprili na Mei, masika na kusi vikikutana, fungeni safari za Maziwe, fanyeni za mtoni.

Boti ya uvuvi haibebi watalii kwa leseni ya uvuvi. TASAC, wakala wa meli, lazima waikague kwa kubeba abiria na kutaja idadi yao. Jaketi okozi moja kwa kila kichwa, na mbili tatu za watoto. Kiingilio cha hifadhi ya bahari kilipwe kwa namba ya malipo ya serikali kabla ya safari, si mkononi, na stakabadhi apewe mgeni. Mgeni akikuta anadaiwa kiingilio mara ya pili, hiyo ndiyo habari atakayoiandika mtandaoni.

---

Fundi Chokaa

Niongelee nyumba, maana hapo ndipo pesa nyingi huzikwa.

Nyumba hizo ni za mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo unanyonya maji ya chini na chumvi ya baharini, halafu unayatoa kupitia lipu ya chokaa. Ukiubandika lipu ya saruji, maji hayatoki. Yanapanda juu hadi kwenye vichwa vya boriti vilivyoingia ukutani, boriti zinaoza, dari inashuka. Chumvi nayo inaganda nyuma ya saruji, inavimba, na baada ya misimu michache lipu inabanduka na vipande vya jiwe. Rangi ya mafuta hufanya ubaya uleule. Nyumba nyingi za pwani zilizo "karabatiwa" zimeharibiwa zaidi na mfuko wa saruji kuliko na umri.

Utaratibu ni huu. Paa kwanza, hata kama mgahawa utachelewa mwaka. Mabati, mifereji ya mvua, na njia ya maji kuondoka kwenye msingi. Halafu boriti: gonga kila moja kwa nyundo karibu na ukuta, inayolia tupu imeliwa na mchwa au imeoza. Msiende kukata mikoko, bila kibali cha TFS, wakala wa misitu, ni kosa, na hiyo mikoko ndiyo mnayomwonyesha mgeni mtoni. Tumieni mbao ngumu zilizotiwa dawa, na mwache nafasi ya hewa kuzunguka kichwa cha mbao ndani ya ukuta.

Saruji ya zamani iondolewe kwa tindo na nyundo ndogo, polepole. Ikigoma na jiwe linaanza kung'oka, iacheni sehemu hiyo.

Chokaa nunueni ya mawe kutoka Tanga, msichome matumbawe. Kama ni isiyozimwa, yaani iliyochomwa lakini bado haijatiwa maji, tangulizeni maji kwenye pipa, kisha chokaa kidogo kidogo. Ukimwagia maji juu ya chokaa inalipuka na kurukia macho. Miwani na glavu si mapambo. Chujeni, ifunikeni kwa maji juu vidole vinne, iacheni miezi mitatu. Inayotumika kesho yake ina punje ambazo hazijazimika. Zinakuja kuzimikia ukutani na kutoa vijitundu.

Mchanganyiko ni chokaa 1 kwa mchanga 3. Mchanga wa mtoni, mkali, uliooshwa. Wa ufukweni una chumvi, mtakuwa mnarudisha ugonjwa mlioutoa. Loanisheni ukuta jioni na asubuhi. Zibeni mashimo makubwa kwa vipande vya mawe na mchanganyiko huohuo wa chokaa, kisha lipu ya kwanza isizidi sentimita moja na nusu. Ngojeni wiki au siku kumi, ndipo ya pili, nyembamba zaidi. Muda wote huo tundikeni magunia yaliyoloa mbele ya ukuta. Lipu ya chokaa ikikaushwa na jua la mchana hupasuka kama tope. Mwisho pakeni chokaa nyepesi kama maziwa mara nne au tano. Kupaka mara moja nzito hung'oka kama unga.

Anzeni na chumba kimoja na uso wa mbele. Nyumba nzima itawamaliza.

---

Karani wa Baraza

Fundi amesema vizuri, ila kabla ya tindo kuna karatasi.

Kwanza mwenye nyumba. Nyumba za Mtaa wa India nyingi zina warithi waliotawanyika, Tanga, Dar, wengine Uarabuni. Mkikubaliana na mmoja aliye karibu, siku ukuta ukipendeza watajitokeza watano. Takeni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ndiye atie saini. Mkataba wa pango uwe wa miaka kumi au zaidi, gharama ya ukarabati ikatwe kwenye kodi, na iandikwe nani anabaki na nini mkataba ukivunjika. Usajilini. Bila hivyo, mnamjengea mtu.

Pili, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya 1863. Ya baada ya hapo hulindwa yakitangazwa. Maana yake majengo ya wafanyabiashara wa Kihindi na ya Wajerumani yaliyojengwa baadaye, kama hayajatangazwa, hayana kinga ya sheria hiyo. Piga picha kila jengo, andika hali yake, mpeleke orodha halmashauri na idara ya Mambo ya Kale. Kazi hiyo haina gharama kubwa na vijana wenu wanaiweza.

Tatu, msijenge banda jipya ufukweni. Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka ukingo wa maji. Hata la makuti linaweza kubomolewa.

Kuhusu mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu, hauna riba. Kikundi chenu kilichochanganyika hakiingii dirisha lolote. Gaweni: akina mama wasajili kikundi cha chakula, vijana kikundi cha uongozaji wageni, kwa afisa maendeleo ya jamii. Wavuvi waingie kwa mkataba wa boti.

---

MkaziWaBweni

Asanteni sana, wakuu. Lango limekufa rasmi, nitalipeleka kwenye kikao. Swali: matembezi ya mji yawe na nini? Mgeni anatembea nusu saa, anaona kuta zilizobomoka, anauliza "ndiyo basi?"

---

Mama Kasa

Kwa sababu anaonyeshwa kuta, hapewi habari. Na habari ziko tele.

Hapo Pangani ndipo mwaka 1888 upinzani dhidi ya kampuni ya Wajerumani ulipowaka, na hapohapo kiongozi wake, Abushiri bin Salim, alinyongwa Desemba 1889. Upande wa kusini mwa mto kuna Kikogwe: mkonge uliletwa na Richard Hindorf mwaka 1893 kutoka Florida, vipando 62 tu vikapona, vikapandwa huko. Mkonge uliotawala uchumi wa Tanganyika miaka mingi ulianzia ng'ambo ya mto wenu, na hakuna hata kibao! Hicho ndicho kibao cha kuweka, mbao moja, si lango. Na anayekuja kutoka Tanga asimame Tongoni njiani, kwenye magofu ya msikiti na makaburi ya kale, mengine ya nguzo.

Dakika 90, saa 10 jioni jua likipoa. Boma, forodha ya zamani, Mtaa wa India, ukingo wa mto, mnavuka kwa mtumbwi hadi Bweni, ng'ambo ya mto, mnarudi kwenye meza ya akina mama: wali wa nazi, samaki wa kupaka, kachumbari. Chakula kiagizwe kabla ya matembezi kuanza. Kinachowakera wageni pwani nzima ni kungoja samaki saa mbili. Wapishi wote wapimwe afya kila miezi sita, vyeti vibandikwe ukutani.

Mwongozaji awe na leseni, na zamu ziandikwe ubaoni. Bila zamu vijana watamgombania mgeni stendi, na huyo harudi. Bei iwe moja, ibandikwe. Mapato yagawanywe siku hiyohiyo mbele ya daftari: mwongozaji, mwenye mtumbwi, wapishi, na fungu la mfuko. Fungu la mfuko kazi yake ya kwanza ni choo. Choo safi chenye maji, sabuni na mtu anayelipwa kukisafisha. Familia inayosafiri na watoto itatoka barabarani kwa ajili ya choo kabla ya historia yoyote, na ikishashuka ndipo iuziwe dafu.

Jambo moja kuhusu kasa. Mayai ya Maziwe huhamishiwa Ushongo kwa sababu bamvu linayafunika. Vitoto hutoka baada ya miezi miwili hivi, na hakuna anayeweza kuahidi siku. Msiuze tarehe. Uzeni usiku mbili au tatu na mseme wazi kwamba huenda wasitoke. Hakuna mwanga wa simu, hakuna kuvishika, watu wasizidi ishirini, wote nyuma ya kamba. Mtakaposhindwa kuwazuia watu ishirini, pelekeni kumi.

---

Fundi Chokaa

Naongeza kwa Mama Kasa: hicho choo msikiegemeze kwenye ukuta wa nyumba ya zamani na kuupiga lipu ya saruji. Kijengeni uani, kisimame peke yake, bomba za maji zisipite ndani ya ukuta wa matumbawe. Bomba likivuja humo hamtajua mpaka boriti ianguke.

---

MkaziWaBweni

Imeeleweka. Wiki hii tunaorodhesha majengo na kuchora kalenda ya maji ya mwezi ujao. Pipa la chokaa tunalianza sasa, ili paa likiisha liwe limeshafikisha miezi yake. @Saa_za_Maji, kwa siku za maji mafu, fungu la Maziwe linabaki wazi au niandike "hakuna safari"?

---

Saa_za_Maji

Maji mafu hayajai sana wala hayatoki sana, kwa hiyo fungu mara nyingi hubaki na sehemu kavu, ila dogo. Kujaa kunaangukia karibu saa 4 asubuhi, kwa hiyo mlango wa mto una kina kizuri wakati wa kutoka. Andika "safari fupi, ya kuogelea na kuangalia samaki", kundi dogo. Mkondo unakuwa mpole na maji yanaonekana safi kuliko siku za bamvu, wapiga mbizi wanazipenda siku hizo. Hakikisha tu nahodha ameliona fungu kwa macho wiki hiyo, maana mchanga unahama.