Foili na dari, viyoyozi, au kupaka bati jeupe? Nyumba yangu Goba hailaliki

Baba Nasra
Wakuu, habari za jioni. Nilihamia kwangu Goba, Dar es Salaam, mwezi wa saba mwaka jana, katikati ya kipupwe, nyumba ikawa tamu kabisa. Tangu Desemba kaskazi ilipoingia hapalaliki. Saa 5 usiku ukiweka kiganja kwenye ukuta wa chumba cha watoto unaukuta na joto kama chungu kilichoepuliwa punde. Nimejaliwa kupata shilingi milioni 4 na nusu na nataka kuamua kabla ya masika, maana mvua zikishika hakuna fundi atakayepanda juu.

Nimeelezwa njia tatu. Fundi anataka kutandika foili, ile karatasi inayong'aa, chini ya bati kisha apige dari la jipsamu nyumba nzima. Shemeji yangu anasema niachane na hayo, nifunge viyoyozi viwili na kuziba kila mwanya. Jirani amepaka bati lake rangi nyeupe na anaapa joto limepungua. Ipi bora? Naomba waliopitia.

Fundi Kenchi
Mkuu, swali ni zuri ila umetuficha kila kitu. Sasa hivi una dari, au ukilala unahesabu misumari ya bati? Bati rangi gani? Paa ni la mgongo au lile linalofichwa nyuma ya ukuta? Chumba cha watoto kinaangalia wapi? Madirisha ni luva au aluminiamu ya kusukuma? Kwenye fisha bodi, ule ubao wa ukingoni mwa paa, kuna matundu au mmeziba? Bila hayo kila mtu atakuuzia anachokipenda yeye.

Mkazi wa Tegeta
Kiyoyozi, kaka. Chukua cha inveta, weka nyuzi 25, watoto walale. Mimi nilihangaika na mafundi miaka miwili, mara matundu, mara pangaboi, na pangaboi lenyewe saa 8 usiku linakupulizia hewa ya moto tu. Siku nilipofunga kiyoyozi niliuliza kwa nini nilichelewa. Umeme wa LUKU unakwenda, sikatai, lakini usingizi wa familia una thamani yake.

Mzee wa Ilala
Vijana mmejenga masanduku halafu mnatafuta mashine ya kuyapoza. Nyumba za Kiswahili tulizokulia zilikuwa na ukumbi katikati, mlango wa mbele unatazamana na wa uani, na kuta za vyumba hazikufika kwenye paa. Hewa ilipita toka barazani hadi uani hata usiku wa Februari. Angalieni majengo ya enzi za Wajerumani kule ufukweni: kuta nene, dari ya juu, baraza pana inayozuia jua lisiguse ukuta. Hawakuwa na umeme wa kiyoyozi na watu walikaa.

Fundi Kenchi
Mzee wangu shikamoo. Ni kweli, lakini kuta zisizofika juu ndizo zilizopitisha mbu na maneno ya jirani. Tumsubiri mwenye mada.

Baba Nasra
Samahanini wakuu, nilikuwa kazini. Dari hakuna, tumeweka baadaye baadaye mpaka leo. Bati ni la msauzi, rangi nyeusi, paa la mgongo. Chumba cha watoto kiko magharibi. Madirisha ni ya kusukuma, yana nyavu. Matundu hakuna, fundi aliziba juu ya ukuta kwa saruji pande zote kwa sababu ya popo.

Fundi Kenchi
Sasa tunaongea. Umejitajia mwenyewe sababu nne.

Bati jeusi linameza jua. Hapa tuko karibu nyuzi 7 kusini mwa ikweta, jua linapita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na tena kama tarehe 10 Oktoba. Kwa hiyo mchana paa ndilo linalopigwa kuliko ukuta wowote. Huna dari, kwa hiyo bati linakumwagia joto moja kwa moja kichwani. Juu mmeziba, kwa hiyo hewa ya moto iliyopanda haina pa kutokea. Na ukuta wa magharibi unapigwa na jua kuanzia saa 8 mchana hadi machweo. Tofali la saruji linalitunza joto lile halafu linalitoa pole pole usiku. Ndiyo hilo unaloligusa saa 5.

Dirisha la kusukuma nalo linafunguka nusu tu, kioo kimoja kinajificha nyuma ya kingine. Luva za zamani zilifunguka karibu zote. Watu walizing'oa kwa sababu ya wezi na sura.

Kuhusu foili: haikingi kwa unene, inakinga kwa kung'aa. Lazima upande unaong'aa utazamane na hewa, walau inchi moja. Mwambie fundi wako aipige chini ya papi, zile mbao zinazoshika bati, ile inchi 2 ya papi iwe nafasi. Akiitandika juu ya papi ikagusana na bati, upande uliogusana haukingi kitu. Na uso unaong'aa uangalie chini, maana ukiangalia juu vumbi litaufunika na kazi itakwisha.

Kijana wa Kigamboni
Kwani asipake tu jeupe? Mimi nimepaka mwaka wa tatu sasa. Bati ukiligusa saa 7 mchana unaweza kuacha mkono. La jirani jekundu hulishiki. Ni ndoo chache za rangi na vijana wawili kwa siku moja.

Mkazi wa Tegeta
Kwa vumbi la Goba lile? Miezi sita litakuwa la kahawia.

Kijana wa Kigamboni
Mvua inaosha. Na hata likichafuka haliwi jeusi. Kwetu huku shida ni chumvi ya bahari inayokula bati, rangi imenisaidia na hilo pia.

Mama Salumu
Baba Nasra, mimi naomba usome hili kabla hujafuata ushauri wa shemeji wa kuziba kila mwanya. Nyumba yangu iko Segerea. Mwaka juzi tulikuwa na joto kama lako. Fundi mmoja, jina simtaji, akaniambia dawa ni kufunga nyumba kabisa ili ubaridi wa kiyoyozi usitoroke. Akaziba matundu yote ya juu, akaweka mpira chini ya milango, akazungushia silikoni madirisha, akapiga jipsamu nzuri yenye mapambo pembeni. Foili ileile akaibandika ikagusana na bati. Nikalipa.

Miezi miwili ya kwanza nilimsifu kwa kila mgeni. Tukalala kwa nyuzi 18, wanangu wanajifunika blanketi Machi. Masika yakaingia. Siku moja navuta shuka kabatini nakuta lina harufu ya gunia lililoloa. Kulivuta kabati, ukuta wa nyuma una madoa meusi toka chini hadi usawa wa kifua, mengine yana manyoya ukiyaangalia kwa karibu. Nikafuta kwa maji ya jiki. Baada ya wiki mbili yamerudi. Kisha dari ikaanza doa la njano juu ya kitanda cha Salumu, nikajua bati linavuja. Akapanda fundi mwingine mvua ikinyesha, hakuona tundu hata moja. Akashuka akaniambia mama, bati lako linatoa jasho.

Ndiyo nikaelimishwa. Usiku usio na mawingu bati hupoa kuliko hewa, na unyevu ulio darini hugeuka matone chini yake. Zamani matundu yalikuwa yanautoa ule unyevu. Tulipoyaziba ukabaki humo ukidondokea jipsamu, na jipsamu ikinywa maji haina kurudi. Na chumbani ukuta ulikuwa umepozwa kupita kiasi. Asubuhi nikizima kiyoyozi na kufungua mlango, hewa nzito ya mvua inaingia na kuacha maji kwenye kila kilicho baridi. Nyuma ya kabati hakuna upepo, ukungu ukapata makazi.

Salumu alikohoa mpaka Juni. Kubomoa dari ile na kufungua matundu upya kulinigharimu karibu sawa na kuiweka. Bado nikiingia chumba cha mtu nanusa kwanza.

Mkazi wa Tegeta
Pole sana dada. Lakini hapo kosa ni la nyuzi 18, si la kiyoyozi.

Mama Salumu
Ni la vyote. Na wewe pia, kiyoyozi chako cha ukutani hakileti hewa mpya, kinazungusha ileile mliyoitoa puani. Watu wanne chumba kimoja, dirisha limefungwa toka saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi. Ukiamka na kichwa kizito usitafute mchawi.

Mkazi wa Tegeta
Hilo nakubali, huwa nafungua dirisha nusu saa kabla ya kulala. Na kuziba mianya kuna mahali pake: chumba chenye kiyoyozi, muda kinapofanya kazi. Mpira wa chini ya mlango peke yake ulinipunguzia kelele za mashine kuwaka na kuzima.

Mzee wa Ilala
Wakati wetu nyumba za serikali za asbesto zilikuwa na ubaridi. Siku hizi mnazing'oa mnaweka mabati ya moto.

Dada Muuguzi
Mzee shikamoo, hapo naomba nikupinge kwa heshima. Vumbi la asbesto likiingia mapafuni halitoki, na linaweza kuleta saratani miaka mingi baadaye. Aliye na paa la namna hiyo asilivunje, asilisugue wala kulitoboa mwenyewe kwa sababu ya kutafuta hewa. Atafute wanaojua kulishughulikia.

Baba Nasra, kuna jambo hujalisema. Kwa nini unahofia hasa chumba cha watoto? Kuna mwenye kifua?

Baba Nasra
Ndiyo dada. Nasra ana pumu. Sikutaka kuliweka mbele ili mada isigeuke ya hospitali. Joto likizidi tunafungua madirisha, vumbi la barabara linaingia, anabanwa. Tukifunga, anashindwa kupumua kwa joto. Ndiyo maana nimechanganyikiwa.

Dada Muuguzi
Ungeanza na hilo, kaka yangu. Mnapikia nini, na wapi?

Baba Nasra
Gesi. Ila maharage na makande tunapika kwa mkaa, kwenye stoo iliyo nyuma ya chumba cha watoto. Mvua ikinyesha tunafunga mlango wa nje wa stoo.

Dada Muuguzi
Acheni leo hii, msisubiri masika. Kwanza moshi na vumbi la mkaa ni adui wa mtoto mwenye pumu. Pili, mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na mkifunga mlango inapenya kwa watoto. Watu hulala wasiamke. Na inapenya hata kama ukuta hauna mwanya unaouona. Jiko litoke uani chini ya kibanda, na hilo halihitaji milioni.

Kwa kifua cha Nasra, ukungu wa ukutani ni hatari sawa na vumbi. Kwa hiyo msije mkakimbia vumbi mkaangukia yaliyomkuta Mama Salumu. Nguo mbichi zisianikwe chumbani, kabati lisibanwe ukutani, mapazia mazito yapungue. Na dawa zake aendelee nazo, dari si dawa.

Baba Nasra
Nimekuelewa dada. Jiko limetoka jioni hii hii.

Fundi Kenchi
Safi. Sasa nikupe kipimo cha bure. Usiku washa kijiti cha udi, simama katikati ya chumba cha watoto, mlango umefungwa na dirisha wazi. Tazama moshi unaelekea wapi. Kisha fungua mlango na dirisha la upande wa pili wa nyumba, tazama tena. Uje utuambie.

Baba Nasra (siku ya pili)
Wakuu nimefanya. Nilitumia udi wa ukumbini, maana wa vijiti humkera Nasra, na yeye nikamtoa kwanza. Dirisha peke yake: moshi unapanda wima kama uzi, hauendi popote, unajikusanya juu chini ya bati. Nilipofungua mlango na dirisha la sebuleni upande wa mashariki, ule uzi ukainama na kuvutwa kuelekea dirishani. Mke wangu aliuona pia. Nimelala na milango wazi na kweli kulikuwa na tofauti.

Fundi Kenchi
Umeona? Upepo wa kaskazi unaingia mashariki, hauna njia ya kutokea. Chumba chako kinataka tundu juu ya mlango na matofali ya matundu juu ya dirisha, inchi chache chini ya dari, yenye wavu wa mbu. Juu nako fungua ile saruji ya pembeni, weka wavu mgumu. Kisha foili na dari, kwa kuanzia vyumba vya kulala tu. Jipsamu nyumba nzima na skimu na rangi, hesabu yako itakukaba.

Kijana wa Kigamboni
Na rangi nyeupe?

Fundi Kenchi
Pesa ikibaki.

Kijana wa Kigamboni
Mimi ningeanza nayo. Zuia jua kabla halijaingia, kuliko kulipigania likishaingia.

Mzee wa Ilala
Wavu wa matundu gani? Popo mdogo anapita panapopita kidole gumba. Nilikuwa nao darini mwaka mzima, kinyesi chao kilipenya mbao na harufu haikutoka hata baada ya kupaka niru mara tatu.

Fundi Kenchi
Wavu wa kahawa, mzee, ule mzito wa chuma. Si wa kuku.

Mama Salumu
Wa chuma Dar unaota kutu mwaka mmoja. Tafuta wa aluminiamu.

Fundi Kenchi
Wa aluminiamu panya wanautafuna.

Mama Salumu
Kwangu hawajautafuna.

Kijana wa Kigamboni
Baba Nasra, upande huo wa magharibi kuna mti wowote? Kivuli cha saa 9 ukutani ni kitu kikubwa.

Baba Nasra
Upo mwembe wa jirani, unafunika nusu ya ukuta. Nusu yenye kivuli usiku haina joto, sasa ndiyo naliona. Lakini amesema anaukata mwezi ujao, anajenga frem za maduka.

Mzee wa Ilala
Mwanangu, acha habari za foili. Kaongee naye huyo.

Baba Nasra
Kesho baada ya sala ya Ijumaa namfuata.