Naomba ushauri: ndege akiruka tu fokasi inanikimbia

Wakuu habari zenu, naombeni msaada kwa mnaopiga picha za ndege wa porini. Natumia lenzi ya 100-400mm, ndege akitulia kwenye tawi napata mpaka manyoya ya shingoni unayahesabu, ila akiruka tu basi, mwewe ananipita juu, naangalia picha nakuta kichwa kimefifia halafu majani ya nyuma yake ndo yako shapu kabisa. Shata (kasi ya kamera kunasa picha) nimepandisha hadi sekunde 1/2000, fokasi nimeweka ile ya kufuatilia, sasa asubuhi mapema ISO (wepesi wa kamera kuhisi mwanga) inafika 6400 na picha inajaa chenga. Kuna mtu kaniambia nifunge telekonvata ya 1.4x (kile kipande cha kuvuta zaidi kinachokaa kati ya kamera na lenzi) nipate 560mm, lakini hiyo inakula mwanga stopu nzima, yaani nusu ya mwanga, uwazi wa lenzi wa f/5.6 unakuwa f/8, naona kama nitazidisha tatizo. Kusogea karibu sitaki, juzi nilimkaribia mmoja mwenye kiota akagoma kurudi kulisha makinda mpaka nilipoondoka, iliniuma sana.

Je nitafute lenzi ya 600mm au shida ni eneo la fokasi ninalochagua? Na mnaoshika lenzi nzito bila stendi mnafanyaje mkono usitetemeke?